Stockholm kwa macho ya mtu wa Pangani

Ukiwa mwanafunzi Ulaya, watu wa nyumbani wana maswali mawili: baridi ikoje, na umeshafika Paris? La baridi nililijibu kwa picha. La Paris nililiacha lipite. Fedha ya ufadhili ilitosha chumba, chakula na nauli, na kilichobaki hakikuwa cha kupandia ndege kila wikiendi kama walivyofanya baadhi ya wenzangu darasani, Ijumaa wako Roma, Jumatatu wanasinzia kwenye semina. Mimi nikasema, nimeletwa Stockholm, mji uliojengwa juu ya visiwa 14, na sijui hata kimoja vizuri. Basi nianze na hapa.

Kilichonifungulia mji ni kadi ya usafiri ya siku 30, ambayo mwanafunzi huipata kwa bei nafuu. Tiketi moja ya kawaida hukaa dakika 75 tu, na ukiitegemea hiyo utatembea huku unatazama saa. Kadi ya mwezi inaingia kwenye metro, mabasi, treni za vitongojini, hata kivuko cha kutoka Slussen kwenda kisiwa cha Djurgården. Hilo la kivuko wageni wengi hawalijui. Watalii wanapanga foleni kulipia boti za matembezi, na pembeni yao wakazi wanapanda kivuko, wanapita mbele ya mji mkongwe na kisiwa cha Skeppsholmen, upepo uleule, mandhari yaleyale. Mtu aliyezoea kuvuka na pantoni kutoka Pangani kwenda Bweni hahitaji kufundishwa kwamba chombo cha abiria ndicho kinachokuonyesha mji.

Jambo la kwanza lililonishangaza halikuwa majumba. Yalikuwa maji. Nilipita gatini asubuhi, nikapita tena jioni, maji yako palepale. Kesho yake, palepale. Bahari ya Baltiki haipwi wala haijai kwa kiasi cha jicho kuona. Tofauti ni sentimita chache tu. Hakuna bamvua wala maji mafu. Hakuna mashua iliyolala ubavu kwenye matope ikisubiri maji yarudi, hakuna wanawake wanaotoka kwenda kuokota chaza kwa sababu maji yamekwenda mbali. Boti zimefungwa kwa kamba fupi, zimekaa kimo kilekile mchana kutwa. Nilichota kwa kiganja nikaonja: chumvi ni kidogo mno, kwani maji ya ziwa Mälaren yanamwagikia hapohapo katikati ya mji, na bahari yenyewe inapokea maji mengi ya mito, huku ya chumvi yakiingia kidogo. Hapo Strömmen, chini ya ikulu ya mfalme, watu wanasimama na fimbo za kuvulia, wanavua samoni bila kibali na bila kulipa. Nilisimama na mzee mmoja karibu saa nzima. Hakupata kitu, wala hakusikitika.

Chumvi hiyo haba ndiyo iliyonipeleka kwenye kitu nilichokitazama kuliko vyote vya Stockholm, nacho ni meli ya Vasa.

Nimelelewa na mjomba ambaye ni fundi majahazi. Utotoni kazi yangu ilikuwa kumshikia pamba na mafuta wakati anapiga kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, na kukoroga deheni ya kupaka tumboni mwa chombo ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Kwetu chombo kisipopakwa, maji ya joto yana minyoo inayokula mbao mpaka ubao unabaki matundu matupu. Sasa ingia kwenye jumba la makumbusho la Vasa, lililofunguliwa 1990 pale Djurgården. Mwanga ni hafifu, hewa ina ubaridi, na mbele yako imesimama meli ya mbao iliyotengenezwa karne ya 17, nzima, mlingoti mpaka mkuku, imezungukwa na ngazi za ghorofa ili uitazame kutoka chini, katikati na juu. Asilimia 98 ya mbao zake ni zilezile. Nilisimama chini ya shetri, upande wa nyuma wa meli, nikainua shingo, na kwa dakika kadhaa sikupiga picha hata moja.

Ilizama tarehe 10 Agosti 1628, siku yake ya kwanza baharini. Haikufika vitani, haikufika hata nje ya bandari. Ilikwenda kama mita 1,300, upepo mdogo ukaja, ikalala upande, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga yaliyokuwa wazi, ikaenda chini mbele ya watu waliokuja kuishangilia. Walikufa takriban watu 30. Ikakaa chini miaka 333, hadi ilipoinuliwa tarehe 24 Aprili 1961. Aliyeipata, Anders Franzén, aliitafuta kwa sababu moja ambayo mjomba angeielewa bila kufasiriwa: alijua kwamba yule mdudu anayetoboa mbao haishi kwenye maji ya Baltiki, hivyo meli kongwe huko chini lazima zimebaki. Alikuwa akishusha chuma chenye ncha ya kukata, kikipandisha kipande cha kile kilichokigusa. Mwaka 1956 kikapandisha mwaloni mweusi.

Nikamtumia mjomba picha kwa WhatsApp. Kwanza ya madirisha ya mizinga, nikidhani atafurahia nakshi na masimba ya kuchongwa. Akanijibu kwa sauti.

"Marahaba mwanangu. Hayo mapambo nimeyaona. Nipigie picha ya chini."

Nikashuka ghorofa ya chini kabisa, nikapiga tumbo la meli, na kuna mfano wake mdogo uliokatwa katikati unaoonyesha ndani. Nikatuma. Jibu likaja kabla sijapanda ngazi.

"Farumi yake iko wapi? Mbona ngama nyembamba hivi? Hicho mwanangu si chombo, ni nyumba ya ghorofa wameiweka majini."

Na ndivyo wataalamu wanavyosema, kwa maneno marefu zaidi. Meli ina sitaha mbili za mizinga, mizinga 64 kwa jumla, na uzito mwingi uko juu ya maji. Farumi, yaani mawe ya kuipa meli uzito, ilikuwemo chini, tani kama 120, lakini tumbo halikuwa na upana wa kubeba zaidi; na hata ungeongeza mawe, madirisha ya chini ya mizinga yangekaribia maji kupita kiasi. Kabla ya safari walifanya jaribio: mabaharia 30 wakakimbia kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kurudi. Mara ya tatu meli ikayumba hivi kwamba amiri aliamuru wasimame, isije ikapinduka gatini. Kisha wakaendelea na safari. Mfalme Gustav II Adolf alikuwa mbali vitani na alikuwa anaitaka meli yake.

Kuna kabati moja dogo ambalo wageni wengi hulipita. Ndani yake zimo rula za mafundi zilizokutwa ndani ya meli. Zinaonyesha kwamba baadhi ya mafundi walipima kwa futi ya Uswidi, yenye inchi 12, na wengine kwa futi ya Amsterdam, yenye inchi 11, kwa kuwa mafundi wakuu walikuwa Waholanzi. Wanaopima meli siku hizi wamekuta upande mmoja mzito kuliko mwingine. Nilipomweleza mjomba hili alicheka mpaka akakohoa. Akasema yeye amewahi kufukuza kijana aliyekuja kazini na futi yake ya kamba. Akauliza, "Nani alifungwa?" Nikamwambia mwishowe hakuadhibiwa mtu. Baraza lilikaa, kila mmoja akamtaja mwingine, vipimo vilikuwa vimepitishwa na mfalme mwenyewe, na fundi mkuu, Henrik Hybertsson, alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla. "Marehemu tena," akasema mjomba. "Kila chombo kikizama, mwenye kosa ni marehemu."

Tangu hapo kila nilipopata mgeni nilimpeleka Vasa, na kila nilipokwenda nilikuwa na maagizo. Mbao ni za nini? Mwaloni, zaidi ya miti elfu moja. Mataruma, yaani mbavu za meli, yameshikwa kwa nini? Vigingi vya mbao kwa maelfu, na boliti za chuma ambazo nyingi ziliozea majini. Ilikaukaje bila kupasuka? Hili lilimshughulisha sana, kwa kuwa anajua ubao uliokaa majini ukitolewa juani unavyojikunja. Waliinyunyizia dawa iitwayo polietilini glikoli kwa miaka 17 mfululizo, dawa ikiingia polepole ndani ya ubao mahali pa maji, ikaganda humo kama nta. Miaka 17! Mjomba alikaa kimya, kisha akasema watu hao wana subira kuliko walioijenga.

Kinachonivutia mpaka leo ni kwamba jengo bora kabisa la makumbusho la mji huu limewekewa aibu. Wana wafalme walioshinda vita, lakini foleni ndefu iko mbele ya meli iliyoshindwa kuvuka bandari. Na waongoza wageni hawafichi kitu. Wanakusimulia uzembe wenyewe kwa mpangilio, nani alijua nini na akanyamaza lini.

Vivutio vingine niseme kwa ufupi. Mji mkongwe, Gamla Stan, ni mzuri asubuhi mapema kabla maduka ya sumaku za friji hayajafunguliwa. Pale Stortorget, uwanja ambao mwaka 1520 mfalme wa Denmark aliwachinja wakuu wa Uswidi, kuna jumba la makumbusho la Nobel. Niliingia kwa ajili ya jina moja, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, mshindi wa fasihi wa 2021. Wanaotoa tuzo hiyo, Akademia ya Uswidi, wana ofisi zao ghorofa ya juu ya jengo hilohilo. Mkahawani kuna viti ambavyo washindi hutia saini chini yake, basi wageni wanapindua viti kabla ya kuvikalia, na wahudumu wamezoea. Nikapindua vya meza yangu vyote. Saini ya Gurnah sikuiona, ila kahawa ilikuwa nzuri na ghali.

Ikaja Novemba. Jumamosi ya mwanzo wa mwezi, siku yao ya kuwakumbuka wafu, mwenzangu wa maktaba akanialika twende makaburini. Nilidhani ana msiba. La, ilikuwa ni matembezi. Skogskyrkogården, makaburi ya msituni kusini mwa mji, yalibuniwa na wasanifu Gunnar Asplund na Sigurd Lewerentz, na tangu 1994 yamo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Yana kituo chake cha metro. Jioni ile, saa kumi na moja, giza lilikuwa limeshatanda, na chini ya misonobari kila kaburi lina mshumaa ndani ya kopo la kukinga upepo. Maelfu ya watu wanapita kimya, watoto wameshika taa, wazee na magongo. Hakuna anayelia wala anayehutubia. Mwenzangu akawasha mshumaa kwa bibi yake, akasimama kidogo, tukaenda kunywa supu. Mimi niliyezoea kisomo, sauti, na pilau ya arobaini, nilitembea nikijiuliza kama huu ni upweke au ni adabu. Nadhani ni vyote viwili, na sioni haja ya kuchagua.

Desemba inataka maandalizi ya moyo. Jua linachomoza kama saa tatu kasoro robo asubuhi, na saa tisa alasiri haijafika limeshazama. Kwa Mwislamu maana yake adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana ndani ya saa tatu, ukiingia kipindi kirefu cha darasa unatoka zimekukimbia. Wikiendi nilikuwa nakwenda msikiti ulio karibu na Medborgarplatsen, ambao nao ni wa kutazamwa: ni jengo la zamani la kufulia umeme, la 1903, kazi ya msanifu Ferdinand Boberg, likageuzwa msikiti mwaka 2000. Baada ya sala ukitoka utasikia Kisomali, Kiarabu, Kituruki, na mara mojamoja, ukiwa na bahati, Kiswahili cha Mombasa.

Kwa giza hilo matembezi ya nje yanachosha, basi nikayahamishia chini ya ardhi. Metro ya Stockholm ina vituo 100, na zaidi ya 90 vimetiwa sanaa. Ukishaingia na kadi yako unaweza kushuka kila kituo, ukatazama, ukasubiri treni inayofuata, mchana mzima, bila kulipa tena na bila kuvaa kofia. Mstari wa bluu ndio wa kuanza nao, kwa kuwa mapango yake yameachwa na ngozi ya mwamba. Solna Centrum ina dari jekundu kama moto juu ya msitu wa kijani, ulichorwa miaka ya 1970, na ukiukaribia unaona miti inakatwa na mazingira yanaharibiwa. T-Centralen imechorwa na Per Olof Ultvedt mwaka 1975, majani ya buluu yanapanda ukutani mpaka darini. Watalii wanapiga majani. Sogea kidogo tu: kuna vivuli vya buluu vya watu, mmoja na nyundo, mwingine anachomelea, mwingine amebeba kitu begani. Ni waliojenga kituo chenyewe. Michoro ya mafundi wakiwa kazini, ukubwa wa ukuta, mahali ambapo mji mzima unapita asubuhi kwenda kazini. Nilimtumia mjomba. Hakusema kitu, ila aliiweka kwenye status yake.

Kitu cha karibu kabisa na nyumbani sikukikuta jumba la makumbusho. Nilikikuta chumba cha kufulia. Majengo mengi ya Uswidi yana chumba kimoja cha mashine cha wakazi wote, unaandikisha zamu yako, na zamu hiyo inaheshimiwa kuliko mkataba. Hapo nilizoeana na bibi mmoja wa ghorofa ya pili. Siku moja akanikaribisha kahawa, na dirishani kwake kuna safu ya vyungu vya maua madogo ya zambarau, majani manene yenye manyoya. Akasema ni saintpaulia, marehemu mama yake pia alikuwa nayo, kila nyumba ya Uswidi ilikuwa nayo zamani. Nikamwambia, bibi, maua haya ni ya Tanga.

Hakuamini mpaka tulipofungua simu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyetawala huko kwetu, aliyatuma kwa baba yake Ujerumani. Baba akampa mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, naye mwaka uliofuata akayapa jina la familia hiyo. Asili yake ni misitu ya Usambara na maeneo ya jirani, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mimi nimesoma sekondari Muheza, milima hiyo naiona dirishani, na sijawahi kuyatia machoni. Huko porini sasa yamekuwa adimu, na huku yamejaa madirisha ya wazee na meza za wauza maua pale Hötorget. Bibi akakata jani moja pamoja na kikonyo chake, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji. "Wiki chache litatoa mizizi," akasema, "kisha lirudishe udongoni." Niliondoka na glasi. Kuhusu nani achukue sifa ya ua ambalo watu wa Usambara walikuwa wakilipita kila siku kabla ya huyo ofisa kuzaliwa, nina maoni yangu, lakini kahawa ya mtu haigeuzwi mahakama.

Machipuko yalipofika nikaenda Skansen, makumbusho ya wazi yaliyoanzishwa na Artur Hazelius mwaka 1891, miongoni mwa ya kwanza ya aina yake duniani. Walihamisha nyumba za zamani kutoka kila pembe ya nchi, ubao kwa ubao, wakazisimika upya mlimani. Ni wazo lilelile la Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam, barabara ya Bagamoyo, ambacho wengi wetu tunakijua kama jina la kituo cha daladala. Tofauti niliyoiona ni kwamba ndani ya nyumba za Skansen kuna watu wanaofanya kazi. Mwokaji anaoka na unanunua mkate. Mfua vioo anapuliza kioo kweli, jasho linamtoka. Nyumba tupu yenye kibao haimshiki mtoto hata dakika tatu. Tanuri linalowaka linamshika nusu saa. Nikiwa na madaraka ya kuajiri pale Kijitonyama, ningeanza na mfinyanzi na mpika.

Kiangazi ni kipindi kingine kabisa, jua saa nne usiku bado liko. Uswidi wana haki ya kila mtu: unaruhusiwa kutembea msituni hata pakiwa na mwenyewe, kulala hemani usiku mmoja, kuchuma matunda pori na uyoga, mradi usisumbue wala usiharibu na ukae mbali na nyumba za watu. Kwa mwanafunzi huo ni utalii wa bure. Mwezi wa saba tulipanda basi hadi hifadhi ya Tyresta, kusini mwa mji, na ndoo za aiskrimu tupu. Buluberi zinaota chini kabisa, unainama kama mtu anayepalilia mpunga, na baada ya saa moja vidole na meno vina rangi ya wino. Wenzangu Waswidi walikuwa wanachuma kwa utaratibu. Mimi nilichuma nikila, ndoo ikarudi nusu.

Siku za mwisho kabla ya kurudi nilizimalizia Skeppsholmen, kwenye gati la Östra Brobänken, ambako meli na boti za zamani zimefungwa na kila moja ina kibao cha historia yake. Baadhi ya wenyewe hukaa humohumo wakikwangua, wakipaka lami. Mjomba alitaka picha za mashua za huko kaskazini ambazo mbao zake zinapandana, ubao juu ya ubao, tofauti na majahazi yetu ambayo mbao zinakutana ukingo kwa ukingo. Nilimpata kijana mmoja anabadilisha ubao, nikamwomba nimrekodi, akakubali. Mjomba aliirudia video ile siku mbili. Halafu akapiga simu ya kawaida, si ya WhatsApp, kwa hela yake.

"Huyo kijana anapiga misumari karibu mno na ukingo. Mwambie."

"Mjomba, yeye ana cheti cha ufundi."

"Cheti nimekisikia. Analipwaje?"

Nikamwambia hulipwa kwa saa, na nikamtajia kiasi nilichoambiwa. Mjomba akanitaka nirudie kwa shilingi. Nikarudia.

"Kwa saa?"

"Kwa saa."

"Basi usimwambie kitu kuhusu misumari. Muulize tu kama pana nafasi ya mtu wa pili."